Binti aliyefungiwa mlango wa ofisi akaizunguka dunia

Nina deni ambalo nimelibeba kwa muda mrefu, na leo naomba nilitaje hadharani mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wanaousoma ukurasa huu. Mnamo mwaka 1996 nilikuwa mwalimu mshauri katika shule moja ya upili ya wasichana. Mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kuwasaidia watahiniwa kujaza fomu za kuomba nafasi vyuoni. Siku moja alinijia msichana wa Kidato cha Nne, mtulivu wa tabia na hodari wa fizikia, akanieleza kwamba alitaka kusomea ufundi wa magari. Nilicheka. Sikucheka kwa ubaya, lakini nilicheka. Kisha nikamshauri achague uhazili, kwa kuwa ofisi hazikosi makatibu na gereji si mahali pa binti wa watu. Hakubisha. Aliandika nilivyomwelekeza, akanishukuru kwa adabu, akaenda zake. Tangu siku hiyo sijamwona tena.

Kicheko hicho kilinirudia masikioni hivi majuzi nilipokuwa nikiyasoma maisha ya Clärenore Stinnes, mwanamke wa Kijerumani aliyeanza safari mjini Frankfurt tarehe 25 Mei, 1927, akaliendesha gari lake hadi bara Asia, akalivusha bahari hadi mabara ya Amerika, na kurejea kwao baada ya miaka miwili na ushei. Naam, mwanamke huyo alikuwa na umri wa miaka 26 siku alipoondoka. Nataka tumtazame pamoja, mpenzi msomaji, kwa sababu katika maisha yake mna jambo linalotuhusu sisi tunaokaa na vijana kila siku na kuwaambia waende wapi.

Clärenore alizaliwa tarehe 21 Januari, 1901, katika mji wa Mülheim, kwenye bonde la mto Ruhr, eneo lililokuwa kitovu cha makaa ya mawe na chuma cha Ujerumani. Babake, Hugo Stinnes, alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa wa nchi hiyo. Alikuwa na migodi, meli, viwanda na magazeti. Ujerumani iliposhindwa katika Vita Vikuu vya Kwanza, na fedha zake zikapoteza thamani hata mshahara wa mtu ukawa haununui mkate, mali ya Stinnes ilizidi kupanuka, na wapo waliomlaumu kwa kunufaika na dhiki ya wananchi wenzake. Sisemi haya ili kumhukumu marehemu. Nayasema ili tujue kwamba binti huyu hakutoka katika kibanda cha maskini. Alilelewa katika nyumba ambamo hesabu za mamilioni zilikuwa mazungumzo ya mezani.

Katika familia ya watoto saba, Clärenore ndiye aliyependa kuambatana na babake kazini. Alipokuwa mkubwa alimfanyia kazi kama katibu, na mzee huyo alimwamini kiasi cha kumtuma ng'ambo, huko Amerika ya Kusini, kwa shughuli za biashara. Mtu aliyekuwa akimtazama siku hizo asingekosea kudhani kwamba binti huyo angepewa sehemu ya usukani wa kampuni. Lakini mnamo Aprili 1924 Hugo Stinnes alifariki dunia. Mjane wake na wana wa kiume wakashika hatamu, naye Clärenore akaambiwa, kwa vitendo kama si kwa maneno, kwamba nafasi yake haikuwa tena ofisini. Mwanamke alitarajiwa aolewe na atulie. Haukupita hata mwaka mmoja na nusu kabla ya himaya ile kubwa kuporomoka kwa madeni. Sidai kwamba binti angeiokoa. Hakuna ajuaye. Ninachosema ni kwamba hakupewa nafasi ya kujaribu.

Mlango mmoja ulipofungwa, akatafuta mwingine. Aliingia katika mashindano ya magari. Kwa wakati huo mchezo huo ulikuwa wa wanaume, wenye vumbi, mafuta na hatari ya kifo, na mabinti wa matajiri walitarajiwa kuketi jukwaani wakipunga leso. Yeye alivaa suruali, akajifunza injini, akashika usukani. Kufikia mwaka 1927 alikuwa ameshinda mara 17, na jina lake lilikuwa likitajwa miongoni mwa madereva hodari wa kike barani Ulaya.

Hapo ndipo wazo la safari kubwa lilipomwingia. Na hapa, mwanafunzi, naomba usome polepole, maana kuna uongo tunaoupenda kuhusu watu mashuhuri. Tunapenda kuamini kwamba waliamka asubuhi wakiwa na ndoto na kufikia jioni wakawa njiani. Sivyo. Safari ya Clärenore Stinnes iliandaliwa kwenye meza, kwa kalamu, kabla ya gurudumu lolote kuzunguka.

Kwanza palikuwa na suala la fedha. Familia yake haikumpa hata senti. Alizunguka kwa wenye viwanda akiwaeleza kwamba gari la Kijerumani likiizunguka dunia litakuwa tangazo bora kuliko tangazo lolote la gazetini. Nchi yao ilikuwa imetoka vitani ikiwa na jina baya, na bidhaa zake zilihitaji wateja ng'ambo. Kampuni ya Adler ya Frankfurt ilikubali kutoa gari, na kampuni nyingine, zikiwemo za vifaa vya umeme na mafuta, zikachangia. Jumla ya msaada huo ilifikia Reichsmark 100,000. Tazama alivyofanya: hakuomba huruma kwa kuwa ni yatima aliyenyimwa haki. Aliuza wazo lenye faida kwa pande zote mbili. Mafunzo ya ofisi ya babake hayakupotea bure.

Pili palikuwa na suala la njia na vibali. Ilimlazimu kupita katika nchi nyingi, nyingine zikiwa zimetoka vitani, nyingine zikiwa na serikali zisizoaminiana. Alipata msaada wa Waziri wa Mambo ya Nje wa Ujerumani, Gustav Stresemann, ili hati zake za kusafiria zisizuiwe mipakani. Hapa hatuna budi kukiri kwamba jina la Stinnes lilifungua milango ambayo jina la binti wa mchimba makaa lisingeifungua kamwe.

Tatu palikuwa na gari lenyewe. Lilikuwa Adler Standard 6, gari la silinda sita, lenye nguvu za farasi 50 na gia tatu. Halikuwa gari la mashindano. Lilitoka kiwandani kama yalivyotoka mengine, ila viti vyake vilirekebishwa ili viweze kulazwa na kutumiwa kama kitanda. Nyuma yake lilifuata lori lililobeba spea, zana na mizigo. Aliajiri mafundi wawili wa kiume. Alichukua mbwa wake aliyeitwa Lord, bastola tatu, na mayai ya kuchemsha zaidi ya mia moja. Yeyote aliyewahi kusafiri siku mbili kwenye barabara yenye matope ataelewa hekima ya mayai hayo.

Na siku mbili tu kabla ya kuondoka, alikutana na mtu wa mwisho wa msafara wake, Carl-Axel Söderström, mpiga picha za filamu kutoka Uswidi, ambaye kazi yake ingekuwa kuinasa safari yote kwenye filamu. Alikuwa mtu mwenye mke. Hakuna kati yao aliyejua kwamba yeye ndiye angebaki wakati wengine wote wameondoka.

Basi wakaondoka. Walipitia Ulaya ya Mashariki na nchi za Balkani hadi Uturuki, wakaingia Beirut, Damascus na Baghdad, wakapanda hadi Tehran, kisha wakaelekea kaskazini kupitia Kaukasi hadi Moscow. Ukiyataja majina haya darasani yanatiririka kama mashairi. Lakini kila jina lilikuwa na joto lake, vumbi lake, pancha zake na usiku wake wa kulala ndani ya gari. Miongoni mwa barabara zile zilikuwamo zilizojengwa kwa ajili ya nyumbu na ngamia, na nyingine hazikuwa barabara bali alama za kwato mchangani. Gari lilizama, likachimbuliwa. Likaharibika, likatengenezwa.

Urusi ndiyo iliyowapima. Mvua za majira ya vuli ziligeuza ardhi kuwa tope, kisha baridi ikafika. Kule Siberia walikutana na baridi ya digrii 50 na zaidi chini ya sifuri. Katika baridi kama hiyo mafuta ya injini huganda kama samli, chuma huvunjika kama kioo, na mkono mtupu ukigusa chuma ngozi hubaki pale. Mafundi wote wawili waliiacha safari kabla haijafika nusu. Siwalaumu. Waliajiriwa kutengeneza magari, hawakuajiriwa kufa. Söderström, aliyekuja kupiga picha, akashika usukani wa lori. Wakabaki wawili: mwanamke mmoja aliyekataa kurudi nyuma, na mwanamume mmoja ambaye angeweza kurudi lakini hakurudi.

Walipofika Irkutsk iliwabidi kusubiri kwa majuma mengi. Mbele yao lilikuwa Ziwa Baikal, ziwa lenye kina kirefu kuliko maziwa yote ya dunia, na njia yao ilikuwa kuvuka juu ya barafu. Barafu ilihitaji kukomaa. Hapa napata somo ambalo halipatikani kwa urahisi katika maisha ya mashujaa: huyu mtu mwenye haraka, dereva wa mashindano, alijua kukaa na kungoja. Mwanzoni mwa mwaka 1928 waliingia ziwani na magari yao. Barafu hupasuka kwa mlio unaofanana na mzinga, na nyufa hufunguka bila kutoa taarifa. Walivuka. Kisha wakaingia Mongolia na jangwa la Gobi, ambako waliwaogopa majambazi kuliko mchanga, mpaka wakafika Beijing.

Kutoka huko walipanda meli hadi Japani, wakapitia Hawaii, na baadaye wakajikuta Amerika ya Kusini. Msomaji anaweza kudhani kwamba baada ya Siberia hakuna kingine kingewatisha. Milima ya Andes ilikuwa na maoni tofauti. Kati ya Peru na Bolivia kulikuwa na mahali ambapo hapakuwa na njia yoyote ya gari. Iliwabidi kulipua miamba kwa baruti, kujaza mabonde kwa mawe, na kuyavuta magari kwa kamba, hatua kwa hatua, kwa msaada wa wenyeji waliowaajiri. Maji yaliwaishia jangwani. Söderström aliugua. Kulikuwa na siku ambazo mwendo wa kutwa nzima ulikuwa ule ambao mtoto wa shule angeumaliza kabla ya kengele ya asubuhi kulia.

Hatimaye waliteremka hadi Argentina, wakafika Buenos Aires, wakaendelea na safari hadi Marekani. Huko barabara zilikuwa nzuri, magari yalikuwa mengi, na watu waliwashangilia. Mjini Washington walipokewa na Rais Herbert Hoover. Kisha wakavuka Atlantiki, na tarehe 24 Juni, 1929 wakaingia Berlin. Mita ya gari ilionyesha kwamba walikuwa wamesafiri kilomita 46,758.

Katika maandishi mengi Clärenore Stinnes hutajwa kuwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa gari. Mimi sitaki kuingia katika ubishi wa nani alitangulia, kwani palikuwa na wasafiri wengine wa wakati huo wenye madai yao, na kila mmoja alivuka bahari kwa meli kama ilivyombidi. Isitoshe, bara letu la Afrika halikuwamo katika njia yake, kwa hivyo dunia aliyoizunguka haikuwa yote. Sifa yake haihitaji kutiwa chumvi. Alichokifanya kinatosha kilivyo.

Aliandika kitabu juu ya safari hiyo, kikatoka mwaka huohuo wa 1929, na filamu ya Söderström ikaonyeshwa mwaka 1931. Söderström alikuwa ameachana na mkewe, na mnamo Desemba 1930 yeye na Clärenore walifunga ndoa. Kisha likatokea jambo ambalo wengi hawalitarajii: dereva huyo mashuhuri aliacha mashindano, akahamia Uswidi, akawa mkulima. Walizaa watoto watatu na wakawalea wengine wasio wao. Mumewe alifariki mwaka 1976. Yeye aliishi hadi Septemba 1990, akiwa na umri wa miaka 89. Dunia ilikuwa karibu imsahau kabisa.

Sasa tujiulize: tumfundishe nini kijana wetu kutokana na maisha haya?

Najua atatokea msomaji wa kuniambia kwamba huyu alikuwa binti wa tajiri, na kwamba mtoto wa Turkana au wa Kwale hana Stresemann wa kumwandikia barua. Hoja hiyo ni ya kweli, nami nimekwisha kuikubali. Naongeza kwamba safari hii haikuwa ya mtu mmoja. Wale wenyeji wa Peru waliovuta kamba milimani wamebaki bila majina katika masimulizi, na kule Uswidi palikuwa na mke wa kwanza ambaye safari hiyo ilimwacha akingoja mtu ambaye hakumrudia. Kila safari kubwa ina watu wanaoilipia bila kushangiliwa. Mwalimu wa historia asiyewafundisha wanafunzi wake kuwauliza watu hao walikuwa akina nani amefundisha nusu ya somo.

Lakini hoja ya utajiri haifuti hoja yangu. Utajiri huohuo ndio uliomfungia mlango. Ndugu zake walikuwa na kila kitu cha kumpa, na kitu pekee walichomnyima ndicho alichokihitaji, yaani nafasi ya kufanya kazi aliyoiweza. Kama binti wa mtu tajiri wa namna ile aliweza kuambiwa kwamba ofisi si yake, basi tatizo halikuwa uhaba wa fedha. Tatizo lilikuwa fikira za watu waliosimama mlangoni. Na hizo, walimu wenzangu, ni fikira tulizo nazo sisi pia, bila migodi wala meli.

Sisi ndio tunaosimama mlangoni. Mtoto anapojaza fomu, sisi ndio tunaotazama juu ya bega lake. Kicheko kimoja cha mwalimu kinaweza kufanya kazi ambayo baridi ya Siberia haikuweza kumfanyia Clärenore Stinnes. Yeye alikuwa ametoka katika mafunzo ya babake akijua thamani yake, kwa hivyo alipofungiwa mlango alikuwa na nguvu za kutafuta mwingine. Msichana wangu wa mwaka 1996 alikuwa na miaka 18, na alichokijua kuhusu thamani yake kilitokana kwa kiasi kikubwa na uso wa mwalimu aliyekuwa mbele yake. Uso huo ulikuwa ukicheka.

Sijui kama angekuwa fundi mzuri. Huenda angechoka baada ya muhula mmoja, kama wale mafundi wawili walivyochoka. Huenda naye angeacha yote akaenda kulima, na asingekuwa amepoteza kitu. Lakini ningepaswa kumuuliza maswali ambayo safari yoyote huulizwa kabla ya kuondoka: karo atapata wapi, chuo gani kinafundisha vizuri, ni nani aliye tayari kumsaidia, atafanya nini akikwama. Hayo ndiyo maswali ya mshauri. Kazi yangu haikuwa kumwamulia kama aende au asiende. Ilikuwa kumsaidia ajiandae.

Kwenu wanafunzi, nasema machache. Msiyasome maisha ya huyu mama kama hadithi ya ujasiri pekee. Someni orodha yake: fedha, vibali, spea, chakula, watu. Mwenye ndoto bila orodha husimama kwenye matope ya kwanza. Jifunzeni pia kungoja barafu ikomae, maana kuna wakati ambapo kuketi Irkutsk ni sehemu ya safari. Na mtakapofungiwa mlango bila haki, jueni kwamba si lazima mkeshe mkiugonga.

Kwenu walimu, naungama. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshakuwa mtu mzima. Ikiwa msichana yule, ambaye sasa ni mama wa makamo, ataiona makala hii mahali popote, namwomba radhi. Na ikiwa ana binti anayependa injini, nampa ushauri ambao sikumpa yeye: ampeleke akajaze fomu, na asimame kando yake bila kucheka.